Shangazi, safu yangu inawaita wageni ambao klabu haijui kuwapokea

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msomaji wako wa muda mrefu, ingawa sikudhani kwamba siku moja ningekuandikia kuhusu jambo ambalo wengine wataliona dogo. Ni mwanamke wa makamo na ni katibu wa uanachama katika klabu ya sataranji ya mtaa wetu. Klabu ina kijarida kinachotoka kila baada ya miezi 3, na ukurasa wake wa pili ni wangu. Humo ninatangaza majina ya wanachama wapya, ninaeleza utaratibu wa kujiunga na kuwakumbusha watu kulipa ada. Safu hiyo niliirithi kutoka kwa mzee aliyeiandika kwa miaka mingi, nikairithi pamoja na mtindo wake. Kila toleo hufunguliwa kwa maneno yaleyale: kwamba klabu yetu ni familia moja, kwamba mlango uko wazi kwa kila mtu, na kwamba mgeni akishavuka kizingiti chetu si mgeni tena. Kisha hufuata orodha ya majina mapya, kila jina na alama zake za kiwango cha mchezo, na asiye na alama huwekewa kistari.

Miezi michache iliyopita alikuja msichana mmoja akiwa na kijarida chetu mkononi. Alikuwa amekiokota maktaba, na ukurasa wangu alikuwa ameukunja ili asiupoteze. Alipofika alikuta watu 16 wamekwisha kuketi mbele ya mbao 8. Nilimsalimu na kuliandika jina lake, kisha nikarudi kwenye mchezo wangu wa ligi ya ndani, ambao kwa kanuni siwezi kuuacha saa ikiwa inakwenda. Akavuta kiti, akakaa kando ya ukuta. Mzee mmoja alimaliza mapema, nami nikatumaini kwamba atamwalika, lakini alizipanga kete zake upya na kumsubiri mwenzake wa kila wiki.

Msichana yule alikuja mara tatu. Mara ya mwisho alipata mchezo mmoja na kijana wetu hodari. Aligusa farasi, akabadili mawazo, akataka kusogeza kete nyingine; kijana akamwambia kwamba ukigusa ni lazima ucheze. Kanuni ndivyo ilivyo, lakini hakuna aliyekuwa amemweleza. Alishindwa baada ya dakika chache, akainuka, na alipokuwa akiaga aliniambia kwa upole: "Ulichoandika ni kizuri sana, dada. Lakini wale watu ulioandika habari zao sikuwaona." Hajarudi.

Sasa toleo jipya linakaribia. Mwenyekiti wetu, ambaye ninamheshimu sana, ameniomba niandike makaribisho ya ukurasa mzima kwa sababu wanachama wanapungua. Anataka juu yake iwekwe kaulimbiu ya FIDE, shirikisho la kimataifa la mchezo huu lililoundwa Paris mwaka 1924, isemayo kwamba sisi sote ni jamii moja. Nilipomweleza habari za yule msichana, alinijibu kwamba kijarida si mahali pa kuanika mambo ya ndani, na kwamba mtu asiye na moyo wa kuvumilia hadumu katika sataranji. Mhazini naye anataka majina ya waliochelewa kulipa ada yachapwe papo hapo, chini ya majina ya wapya, kwa kuwa kodi ya ukumbi haimngoji mtu.

Kila ninapoketi kuandika, kalamu inakuwa nzito. Nikiandika kwa uchangamfu kama kawaida, naona ninawaita watu kwenye nyumba isiyokuwapo. Nikiandika ukweli, nitawaumiza wazee walioijenga klabu hii kwa jasho lao, na huenda nikawatisha hata wageni wachache waliotaka kuja. Nimefikiria kuiacha kazi hii ashike mwingine. Ungekuwa mimi, Shangazi, ungeandika nini?

Katibu wa Ukurasa wa Pili

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze kwa kukutoa shaka: jambo lako si dogo hata kidogo. Mtu anayetoka kwake peke yake jioni kwenda kukaa miongoni mwa watu asiowajua anahitaji ujasiri mwingi, na mara nyingi ujasiri huo huupata katika mistari michache aliyoisoma mahali. Wewe ndiye unayeiandika mistari hiyo. Nikikuelewa vizuri, kinachokulemea ni kwamba unatoa ahadi kwa niaba ya watu ambao hawajakaa pamoja wakakubaliana kuitimiza, na unaogopa kwamba ukiitoa utakuwa mwongo, na usipoitoa utakuwa msaliti. Juu ya hayo umeletewa deni la mhazini ulibebe katika ukurasa huohuo.

Kabla sijagusa lolote la kuandika, niruhusu nikuulize kama kweli safu yako ndiyo iliyomwangusha msichana yule. Mimi naona ilimfikisha mlangoni, tena mara tatu. Mtu aliyedanganywa mara ya kwanza kwa kawaida harudi mara ya pili, sembuse ya tatu. Kilichokosekana kilikuwa kati ya mlango na ubao, na hapo maandishi peke yake hayafiki. Wala hatujui yote yaliyomfanya aache kuja, kwani huenda kulikuwa na mambo mengine katika maisha yake. Hata hivyo sitaki kuyafuta maneno aliyokuambia, kwa sababu aliyasema waziwazi na kwa heshima, na watu wengi huondoka bila kusema chochote. Kama bado una anwani yake, ungeweza kumwandikia barua fupi, si ya kumrudisha, bali ya kumuuliza ni jambo gani angependa kuwa amelijua kabla ya kuja. Hatari ni kwamba anaweza kuona anafuatwa. Kwa hiyo ukiandika, mwachie nafasi ya kutojibu.

Swali langu la pili linawahusu wazee wenu. Katika barua yako nimemwona yule mzee akizipanga kete na kumngoja mwenzake, nami nikajiuliza kama pengine mchezo ule wa kila wiki ndio mazungumzo pekee aliyobaki nayo. Sijui, na huenda hata wewe hujawahi kumuuliza. Ninachokijua ni kwamba sataranji ina ugumu wake katika kupokea wageni. Katika kwaya, mtu mpya husimama mwishoni mwa mstari na kuimba na wenzake. Kwenu ni lazima kila mtu awe na wa kumkabili, na mtu wa 17 akiingia kwa watu 16, hesabu inamwacha nje hata kama mioyo yote ukumbini ni mikunjufu. Kwenye mashindano jambo hili limefikiriwa zamani: idadi ikiwa witiri, anayebaki bila mpinzani hupewa raundi ya mapumziko, na mara nyingi huandikiwa pointi yake, ili asipotee katika hesabu. Katika jioni zenu za kawaida inaonekana hakuna aliyewahi kulifikiria, na anayebaki huwa ni yuleyule mgeni.

Nalisema hili kwa sababu linabadilisha mazungumzo yako na mwenyekiti. Ukimwendea na kumwambia kwamba klabu haina ukarimu, atajitetea, na kila mwenye kuipenda klabu yake angejitetea hivyo. Ukimwendea na tatizo la mtu wa 17, mnaweza kulitatua pamoja. Mchezaji mzoefu anaweza kucheza na watu 2 au 3 kwa wakati mmoja, akitoka ubao huu kwenda ule, na wapo wanaolifurahia zoezi hilo. Wanachama wa zamani wanaweza pia kupokezana zamu ya kuanza jioni bila mchezo wa ligi, ili pawepo daima mtu mmoja aliye huru. Haya hayahitaji fedha, yanahitaji mtu wa kuyasema kikaoni.

Kuhusu kauli yake kwamba asiye na moyo wa kuvumilia hadumu, ningemsikiliza kwa heshima, kisha nimuulize taratibu. Kila aliyeketi katika ukumbi wenu leo ni mtu aliyevumilia. Walioshindwa kuvumilia hawapo, kwa hiyo ushahidi wao haumfikii mwenyekiti, na kati yao huenda walikuwamo watu ambao wangeipenda klabu kwa miaka 30 kama jioni yao ya kwanza ingekwenda vingine. Muulize pia nani alimfundisha yeye. Nitashangaa kama hakuna mtu aliyemketisha na kumwonyesha.

Sasa kuhusu kuandika kwenyewe. Unaona njia mbili tu, kusifu au kufichua, na naomba tuziangalie zote kwa makini kabla hujaamini kwamba hakuna ya tatu.

Kufichua kuna mvuto wake kwa mtu mwenye dhamiri kama wewe. Lakini kisa cha msichana yule ni chake, na katika klabu ya watu wachache hata usipomtaja jina kila mmoja atajua ni nani, na atamjua pia kijana aliyemshinda na mzee aliyezipanga kete. Watausoma ukurasa wako kama hati ya mashtaka, tena hati iliyosambazwa hadi maktaba. Sisemi kwamba ukweli huo ufichwe. Nasema huenda mahali pake pa kwanza ni kikaoni, ambapo waliotajwa wanaweza kujibu.

Kusifu nako kuna gharama uliyokwisha kuiona. Maneno kama familia moja na mlango wazi hayamwambii mgeni chochote anachoweza kukitumia. Hayamwambii afike saa ngapi, amwone nani, wala kama ni lazima aje na ubao wake. Yanamjengea picha, na anapofika huipima picha hiyo kwa kila kisogo anachokiona. Mimi nadhani ukarimu wa safu yako ungeweza kukaa katika mambo madogo unayoyajua wewe na ambayo mgeni anaona aibu kuyauliza. Nijaribu kukuandikia mistari michache, uibadilishe upendavyo:

"Ukija kwetu kwa mara ya kwanza, tafadhali fika robo saa kabla ya michezo kuanza, kwa sababu tukishaanza wengi wetu hatuinui vichwa. Hilo lisikuvunje moyo, si dharau. Huna haja ya kuja na ubao wala saa. Katika meza iliyo karibu na mlango utamkuta mwanachama wa zamu, ambaye jioni hiyo hana mchezo wa ligi. Yeye atacheza nawe michezo 2 ya kwanza, kisha atakutafutia mwingine. Kanuni mbili tunazifuata hata katika michezo ya kirafiki: ukigusa kete yako utaicheza, na saa hubonyezwa kwa mkono uleule uliosogeza kete. Ukizisahau tutakukumbusha. Jioni za kwanza unaweza kushindwa kila mchezo, na ukipenda, aliyekushinda atakaa nawe akuonyeshe mlipoachana."

Ona kwamba hakuna sifa hata moja humo, lakini msichana wako angeingia akijua la kufanya na mikono yake. Zaidi ya hayo, fikiria ni nani hasa wanaosoma kijarida. Nakala moja iliokotwa maktaba, lakini bila shaka nyingi huishia mikononi mwa wanachama wenyewe. Unapoandika kwamba mwanachama wa zamu atakuwa karibu na mlango, unamweleza mgeni kitakachotokea, na papo hapo unamkumbusha mwanachama wa zamani anachotarajiwa kufanya, bila kumkaripia mbele za watu. Wazee watausoma ukurasa huo kama maelezo ya klabu yao, na ni vigumu kuukataa wema uliokwisha kuandikwa kuwa ni wako.

Lakini nisikufiche hatari yake, kwani ni kubwa kuliko ya maneno ya zamani. Ahadi ya jumla haimshiki mtu, kwa kuwa haipimiki. Ahadi ya meza iliyo karibu na mlango itavunjika jioni ya kwanza ambayo meza hiyo haina mtu, na mgeni atajua palepale kwamba imevunjwa. Kwa hiyo nisingeichapa kabla ya watu wawili au watatu kukubali zamu kwa midomo yao wenyewe. Ukiwa peke yako katika zamu hiyo utachoka kabla ya toleo la pili, na itaonekana kuwa ni kazi ya katibu, si ya klabu.

Orodha ya majina nayo inastahili kutazamwa upya. Mfumo wa alama mnaoutumia, uliobuniwa na mwanafizikia Arpad Elo na kukubaliwa na FIDE mwaka 1970, una kazi yake: unapima nguvu ya mchezaji kwa matokeo yake ili watu wanaolingana wapangiwe pamoja. Mchezaji hodari aliyehamia mtaani kwenu atafurahi zionekane, maana zitamletea wapinzani wa kiwango chake. Mwanafunzi mwenye kistari mbele ya jina lake husoma jambo jingine kabisa. Pengine ungemuuliza kila mmoja anataka aandikwe vipi, na kama anataka kuandikwa. Wapo wanaojiunga na klabu kimyakimya kwa sababu zao. Kwa watoto, ambao sataranji huwavuta sana, idhini ya mzazi itangulie jina na picha, na jina la shule au mahali mtoto anapoishi lisichapwe kamwe. Hapo ndipo peke yake katika barua hii ninaposema bila kusitasita.

Unaweza pia kumwomba mwanachama aliyejiunga karibuni na akabaki aandike mistari michache kuhusu jambo lililokaribia kumfanya aondoke. Maneno hayo yatapokewa vizuri zaidi yakitoka kwake kuliko yakitoka kwako. Ila mwache aseme yake. Akiandikiwa, au akihisi kwamba amewekwa pale kama pambo, wasomaji watalitambua hilo upesi.

Nimfikie mhazini. Ana hoja, na usiidharau: bila ukumbi hakuna klabu ya kumkaribishia mtu. Hata hivyo mtu huchelewa kulipa kwa sababu nyingi ambazo hazipo kwenye daftari, kama ugonjwa, msiba, kupoteza kazi, au hata kusahau tu, na jina likishachapwa halifutiki. Tena fikiria mgeni anayeona jina lake limekaribishwa juu, na chini yake, katika ukurasa uleule, anaona watakavyomfanya akikwama. Barua ya faragha au simu moja ya upole huenda ikaleta fedha upesi zaidi, na ikampa mtu nafasi ya kueleza shida yake. Someni pia katiba ya klabu inasemaje, na mkumbuke kwamba nchi nyingi sasa zina sheria za kulinda taarifa binafsi. Kama kamati itashikilia msimamo wake, unaweza kuomba walau orodha isikae katika safu yako. Nisingependekeza uyapiganie mambo haya mawili katika kikao kimoja, maana ukimkabili mwenyekiti na mhazini kwa pamoja unaweza kurudi mikono mitupu.

Kuhusu kuiacha kazi, sitakuzuia wala kukusukuma. Umechoka, na uchovu wako una sababu. Jiulize tu kama unataka kuiacha kazi hii au unataka kuacha kuifanya peke yako, kwa kuwa kila moja ina dawa yake. Atakayekupokea ataukuta mtindo uleule wa zamani, na huenda yeye hakuwahi kuongea na msichana yule.

Hujaniambia zimebaki siku ngapi kabla ya toleo kwenda kuchapwa. Kama ni chache, ukurasa mzima unaweza kusubiri toleo lijalo. Kwa sasa unaweza kuchapa safu fupi yenye siku, saa, kiasi cha ada, na jina la mtu wa kumwona mlangoni, baada ya mtu huyo kukubali. Hata kaulimbiu ya mwenyekiti inaweza kukaa juu yake, na nadhani atafurahi kuiona hapo. Halafu mpelekee lile suala la mtu wa 17, na nikusihi umpelekee akiwa peke yake kabla ya kulifikisha mbele ya kamati. Niandikie atakachokujibu, na kama rasimu itakuwa tayari, iweke ndani ya bahasha hiyohiyo nami nitaisoma.

Wako,
Shangazi